Nilivyowanyoosha Watu wa Mwambani

Ninaishi kwa kuandika na kuchora mabango. Kibanda changu kiko Kihonda, kando ya barabara ya vumbi inayoelekea viwandani, na nje nimetundika mifano ya kazi: kichwa cha mwanamke aliyesukwa, kuku wa kuchoma, tairi la lori, jino jeupe lenye macho. Ufundi huu nilifundishwa na baba. Yeye alikuwa akichora mbao za malori ya mboga yanayoshuka kutoka Mgeta kwenda Dar, na alipofariki aliniachia brashi zake pamoja na tabia moja: sivumilii kitu kilichopinda. Nikikaribishwa nyumbani kwa mtu nikaona picha imekaa upande ukutani, mkono wangu unanyanyuka wenyewe kwenda kuinyoosha.

Tabia hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo ninayotaka kuyasimulia.

Siku moja alikuja kibandani mwalimu wa historia, kijana bado, anayefundisha sekondari moja kule Mlali. Akaniambia amepewa ukuta. Alilisema hilo kama mtu aliyepewa shamba. Ulikuwa ukuta wa nje wa bwalo la shule, mrefu na mtupu, na mkuu wa shule alikuwa amemruhusu aufanyie chochote kitakachowasaidia wanafunzi.

"Nataka michoro ya Kondoa," alisema. "Ile ya mapangoni. Wanafunzi wangu wanaikariri kama wanavyokariri majina ya mito ya Ulaya. Nataka wakitoka kula wakutane nayo uso kwa uso."

Akanirushia picha kwenye simu, nyingine za kwenye kitabu cha shule, nyingine alizozipata mtandaoni. Nilizichapisha kwenye karatasi kubwa kwenye duka la steshenari mjini. Ya kwanza ilikuwa ya twiga. Ya pili ni mnyama mnene mwenye pembe, ambaye mwalimu alisema ni pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi: watu watano wembamba, warefu kama nyuzi za mkonge, vichwa vyao vya mviringo, vikubwa, wameshikana. Nilikuwa nimechora watu maisha yangu yote na sikuwahi kuona watu wa namna hiyo. Mstari mmoja tu mwekundu, lakini ulikuwa na goti, ulikuwa na kiuno, ulikuwa na uzito.

Jumatatu nilidandia lori lililokuwa linapanda tupu kwenda kupakia kabichi, likanishusha Mlali na ndoo zangu, ngazi na kamba ya chaki. Siku ya kwanza niliukwangua ukuta na kuupaka rangi ya chini, ya maziwa yaliyochujuka. Siku ya pili nikapiga miraba na kuanza kuwahamisha wale watu watano kutoka kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wamepinda. Wawili walikuwa wameinama sana, na yule wa katikati alikuwa karibu amelala kabisa hewani. Nikasema moyoni, aliyepiga picha hii alishika simu vibaya. Kwa hiyo nikawanyoosha. Niliwasimamisha wote watano mmoja mmoja, miguu chini, vichwa juu, na ilipofika saa sita mchana walikuwa wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Mwalimu alipita akaangalia, akasema, "Safi sana, dada fundi. Umewatengeneza." Nikafurahi.

Mpishi wa shule alitoka jikoni kumwaga maji. Nilikuwa nimemwona tangu jana yake, mama mtu mzima, mrefu, mwenye mwendo wa taratibu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Hakuwa amenisemesha zaidi ya salamu. Safari hii alisimama nyuma yangu na ndoo yake tupu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Akaweka ndoo chini. "Hawa umewatoa wapi?"

"Kondoa, mama. Ni michoro ya watu wa kale."

"Najua ni ya Kondoa. Nakuuliza hawa waliosimama umewatoa wapi."

Nikashuka kwenye ngazi nikampa ile karatasi. Alijifuta mikono kwenye kanga kwanza, vizuri, kisha akaipokea na kuitazama kwa muda mrefu.

"Unaona?" akasema. "Hapa huyu amelala. Wewe umemwinua."

"Nilidhani mpiga picha alipindisha simu."

Alicheka, na hakikuwa kicheko cha kunidharau. "Mwanangu, mtu akiwa kwenye simbo hasimami hivyo. Anayesimama hivyo bado hajaingia."

"Simbo ni nini, mama?"

Akageuka kutazama moshi jikoni. "Maharage yangu yataungua," akasema, akanirudishia karatasi na kuondoka.

Nilibaki na brashi inayokauka mkononi. Nilijaribu kuendelea na kazi, lakini kila nilipowatazama wale watu wangu watano niliwaona wabaya. Hawakuwa na uhai. Kwenye karatasi walikuwa wanakwenda mahali. Kwangu mimi walikuwa wamefika na kuchoka. Nikaiweka brashi kwenye kopo la tina isikauke, nikamfuata jikoni.

Alinipa kigoda na bakuli la makande, akaendelea kukoroga sufuria. Alinisimulia huku akinipa mgongo. Yeye ni Msandawe. Alizaliwa kule ndani, upande wa Kwa Mtoro, mbali na barabara kubwa. Mume wake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Mluguru wa hapo Mlali, mchimba visima aliyekwenda kuchimba kijijini kwao akarudi na mke. Watu wa Mlali walisikia ametokea Dodoma wakamwita Mgogo, na yeye akawaacha wamwite hivyo.

"Kwa nini hukuwasahihisha?"

"Nilijaribu mwanzoni. Nilipozaa mtoto wa kwanza nilikuwa namwimbia kwa lugha yangu. Majirani wakaja kusikiliza, wakaniuliza kama namwita kuku au nafukuza punda." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Lugha yetu ina vidoko. Unakijua kidoko?"

Nilikijua kwa kusoma, si kwa kusikia. Akageuka, akanitolea neno moja. Ulimi ulibanduka kwenye kaakaa kwa sauti safi, kavu, kama kijiti kinachovunjwa, na ndani ya sauti hiyo hiyo kulikuwa na neno zima, lina mwanzo na mwisho. Nywele zilinisisimka mikononi.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Moto," akasema. "Hili jiko. Huwa naongea nalo nikiwa peke yangu."

Kisha akanieleza simbo. Ni ngoma ya kwao, ya zamani. Kijiji kikisumbuliwa na maradhi au na uchawi, watu walikusanyika kucheza, na katika wachezaji walikuwepo waliokuwa wanageuka simba. Si kwamba wanaota manyoya, alisema, lakini ukiwa pale hutauliza swali hilo. Mtu anapoingia kwenye simbo mwili wake unainama, unatangulia mbele, miguu inabaki nyuma. Shangazi yake alikuwa mmoja wao. Na yeye, akiwa msichana, alikuwa na kazi yake.

"Nilikuwa namshika," akasema. "Hapa." Akajigusa chini ya kwapa. "Tulikuwa wawili huku na wawili huku. Akianguka motoni lawama ni yetu."

Nikakumbuka ile picha. Mmoja katikati, wawili huku, wawili huku. Niliacha makande nikakimbia kwenda kuichukua.

Niliporudi mwalimu alikuwa ameshafika jikoni kufuata chai, na mama alikuwa amerudi kwenye sufuria yake. Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimweleza yote kwa pupa mpaka akaniomba nianze upya. Akasikiliza, akakuna kidevu.

"Kitabu kinasema tofauti," alisema kwa adabu. "Kinasema huyu wa katikati ni mwanamke anatekwa. Hawa wa upande mmoja wanamvuta, hawa wa upande wa pili ni ndugu zake wanamzuia."

Mama akaichukua tena karatasi. "Mwalimu, mtu anayevutwa anashikwa wapi?"

"Mkononi."

"Hawa wamemshika wapi?"

Mwalimu akainamisha kichwa juu ya karatasi.

"Njoo nje," mama akasema.

Tulitoka uani, chini ya jua kali, wanafunzi wakiwa bado darasani. Alimwita na mlinzi wa getini, na mwanamke anayemsaidia kuosha vyombo, akatupanga: mimi na mlinzi kulia kwa mwalimu, yeye na yule mwenzake kushoto. Kwanza akatuambia tumvute mwalimu mikono. Tukamvuta. Alipepesuka akasimama wima akijitetea, visigino vimekita chini. Kisha akatuambia tumshike chini ya makwapa na mgongoni, na akamwambia mwalimu alegee, auachie mwili uende mbele kabisa.

"Utaniangusha mama."

"Hatutakuangusha. Legea."

Alilegea. Mwili wake ukaenda mbele, ukanyooka, na miguu ikabaki nyuma ikigusa ardhi kwa vidole tu. Alikuwa karibu amelala hewani. Nikautazama ule mstari kuanzia kisogoni hadi kisigino chake, nikauona. Ulikuwa ule ule. Nilitaka kumwachia nikachukue chaki.

Tulipomsimamisha akafuta jasho.

"Nimejiona mrefu," akasema polepole. "Sijui nielezeje. Kama nimevutwa nikawa mrefu kuliko nilivyo."

Sote tukaitazama karatasi, wale watu warefu kama nyuzi za mkonge. Mwalimu akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya haraka kama ya mwanafunzi.

"Na vichwa, mama? Hivi vichwa vya mviringo? Ni nywele? Ni kofia? Ni sura za bandia?"

"Hilo silijui," mama akasema. "Usiandike kwamba nimesema. Na aliyechora simjui. Wazee wetu wengine walisema waliochora ni wa kwetu, wengine walisema waliwakuta wamechorwa tayari. Mimi najua kushika tu."

Nilimpenda sana kwa jibu hilo.

Jioni ile niliwafuta watu wangu wote watano. Niliwapaka ile rangi ya maziwa hadi hakubaki hata kidole. Na kwa kuwa nilishaanza upya, nikaona nifanye jambo moja zaidi. Rangi yangu nyekundu ya dukani ilikuwa inang'aa mno, na brashi zangu, hata zile ndogo za baba, zilikuwa zinaacha mstari wa herufi, mnene pande zote. Kesho yake nilichota udongo mwekundu kwenye ukingo wa barabara ya kupanda Mgeta, pale ambapo mlima umekatwa, nikauponda na kuupepeta kwenye kipande cha chandarua. Nilijaribu kuuchanganya na maji, ukapukutika. Nikajaribu na ute wa yai, ukashika. Nikajaribu na mafuta ya ng'ombe niliyopewa na mama jikoni, nao ukakolea, ukawa mzito na laini, wenye rangi ya damu iliyokauka.

Brashi nilitengeneza kwa kijiti. Nilikitafuna ncha kama mswaki mpaka nyuzi zikalegea. Nikachovya, nikavuta mstari mmoja kwenye kipande cha plasta, kwa mkono mwepesi, bila rula. Mstari ulianza mnene ukaishia mwembamba kama mkia wa panya. Nikausogeza karibu na picha. Jamani, nilikaa chini pale pale kwenye majani. Niliwahi kusifiwa kazi zangu na watu wengi, lakini sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia nikiwa na kile kijiti mdomoni, chenye ladha ya tope na mafuta. Mtu fulani, sijui lini, alikuwa ametafuna kijiti kama hiki, na mkono wake ulikuwa umenifundisha jambo ambalo baba hakunifundisha.

Nilianza na twiga. Wakati wa chakula wanafunzi walikusanyika na sahani zao, na mama akatoka na mwiko mkononi kutazama. Msichana mmoja akamuuliza, "Mama, eti wewe unajua lugha ya hawa watu?" Mwalimu alikuwa ameshawaambia.

Mama alisita. Nilimwona akitazama nyuso zile zote, na nikakumbuka majirani na punda. Kisha akamnyooshea twiga mwiko, akalitaja jina lake. Kidoko kilisikika mpaka nyuma. Wachache walicheka, kwa mshtuko tu, na mama akasubiri wamalize. Hakukasirika wala hakurudia. Msichana yule akajaribu, ulimi ukamshinda, akatoa sauti ya busu. Hapo wote walicheka, na mama akacheka nao.

"Ulimi ubandike hapa," akasema, akafungua mdomo kuwaonyesha. "Uvute. Sasa uachie."

Nilirudi kwenye ngazi nikaendelea kuchora, na nyuma yangu nusu ya shule ilikuwa inapiga vidoko kama mvua inayoanza kwenye bati. Tulipofika kwenye pofu mama alikuwa amesahau maharage.

Sikuwachora wale watano. Kila nilipotaka kuanza niliona kuna kitu sijakijua. Mwalimu naye hakuwa na haraka tena. Ndiye aliyesema kwamba shule ikifungwa mwezi wa sita twende tukaione michoro ya namna hiyo kwenye mwamba wenyewe. Mama alikuwa hajarudi kwao tangu mazishi ya mama yake. Alifikiri kwa siku mbili, kisha akampigia simu kaka yake, ambaye alisema karibu na kwao kuna jiwe lenye michoro kama hiyo.

Tulilala Dodoma, asubuhi tukapata gari la kwenda Kwa Mtoro, na baada ya hapo tukatembea. Kaka yake alitupokea na asali na maziwa. Alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, mfugaji wa mbuzi, na aliposikia tumetoka Morogoro kuja kuangalia jiwe alituangalia kana kwamba tumepotea.

"Jiwe lipo," alisema. "Mbuzi wangu wanalala hapo wakati wa mvua. Nitawapeleka, lakini msiseme sikuwaambia kwamba ni jiwe tu."

Njiani yeye na dada yake walianza kuongea kwa lugha yao. Mwanzoni mama alikuwa anasita, anatafuta maneno. Baada ya nusu saa alikuwa anakwenda kasi, vidoko vinarukiana, mikono inaruka, na hata mwendo wake ulibadilika, si ule wa taratibu wa jikoni. Mwalimu aliniangalia, nami nikamwangalia. Tulikuwa hatumjui kabisa mama huyu.

Jiwe lilikuwa kubwa kuliko nyumba, limeegemea lingine, na kati yao kulikuwa na uwazi mdogo wenye paa la jiwe, la kuinamia. Mzee akafukuza mbuzi. Akataka kumwagia maji ya chupa kwenye michoro ili ionekane vizuri, kama walivyofanya utotoni, mwalimu akamzuia haraka na kumweleza kwamba maji yanaila rangi. Mzee akayanywa yale maji.

Nilikuwa nimetegemea watu wakubwa. Walikuwa na urefu wa kiganja changu. Walikuwa wengi, wamefifia, wengine juu ya wengine, darini mwa lile jiwe, na wote wamelala. Nilipata maumivu ya shingo kwa kuwatazama. Baada ya muda nikafanya kama ninavyofanya ninapochora upande wa chini wa bodi la lori: nikatandika kanga juu ya mavi ya mbuzi, nikalala chali.

Nilitafuta mistari inaanzia wapi. Hilo ndilo ninalolijua. Mstari una upande mnene, ambako brashi ilitua, na upande mwembamba, ambako iliondoka. Nikatoa kijiti changu mfukoni nikavuta hewani, nikifuata bila kugusa. Nilivyolala haikukubali, mkono ulikuwa unajikunja. Nikageuka, kichwa kikawa kwenye mlango wa uwazi na miguu ndani. Ikakubali. Mkono ulikwenda wenyewe, mtu mmoja hadi mwingine, begani, kiunoni, gotini. Aliyewachora alikuwa amelala hapa, kichwa hapa. Na kutoka pale nilipolala, wale watu hawakuwa wamelala tena. Walikuwa wamesimama, wananitazama.

"Mama," nikaita. "Mama, ukilala hivi wamesimama."

Mwalimu akaacha kuandika. Mama akainama, akajikunja kwa shida na umri wake, akalala kando yangu. Tulikuwa bega kwa bega, tunatazama juu. Nilijua nimemharibia maelezo yake, na nilianza kuogopa nimemvunjia heshima mbele ya kaka yake. Nilisikia anapumua.

"Basi hata aliyechora alikuwa ameingia," akasema.

"Ameingia wapi?"

"Kwenye simbo. Ukiingia, wewe unaona umesimama. Sisi tunaokushika ndio tunaoona umelala."

Nilipatwa na msisimko hadi nikakaa ghafla na kugonga kichwa kwenye jiwe. Mwalimu alikuwa anaandika tena, anaandika huku anatembea. Mzee akauliza kuna nini, dada yake akamweleza kwa lugha yao, naye akatikisa kichwa, akajibu kirefu, na mara wakaanza kubishana. Walibishana kwa dhati, wamesimama uso kwa uso chini ya lile jiwe, vidoko vikigonga dari. Mwalimu aliomba tafsiri.

"Anasema si simbo," mama akasema. "Anasema wamelewa pombe ya asali. Anasema yule wa pembeni anatapika."

"Mwangalie mwenyewe," mzee akasema kwa Kiswahili, ametulia kabisa. "Anatapika. Na nyie watu wa Morogoro mnataka kila kitu kiwe kikubwa."

Tulimwangalia yule wa pembeni. Alikuwa na mistari midogo kweli, imetoka usoni inakwenda chini. Sikuweza kusema hatapiki. Mwalimu akaliandika na hilo, na nikaona anaandika kwa furaha ile ile. Tulikaa pale mpaka jua lilipoanza kuingia kwenye uwazi na kuipa ile michoro rangi mpya, na kila mmoja akaona kitu chake: mzee akaona mfuko wa asali, mwalimu akaona upinde ambao mimi sikuuona, mama akamtambua mmoja aliyeshikwa vibaya, akasema huyo lazima alianguka.

Niliporudi Mlali nilimaliza ukuta kwa siku mbili. Niliwachora wale watano kama walivyo kwenye picha, walioinama wameinama na wa katikati amelala, bila miraba na bila kamba, kwa udongo wa barabara ya Mgeta na mafuta ya ng'ombe. Chini yake mwalimu hakutaka niandike maelezo yoyote. Alisema akiandika jibu watalikariri. Darasani anawapa wanafunzi la kitabu, la mama, na la mzee wa pombe ya asali, anawaambia kwenye mtihani waandike la kitabu na kwenye daftari waandike lao. Baadhi wamekuja na lao: mmoja amesema ni watu wanavuka mto uliojaa, wameshikana wasichukuliwe na maji. Mama alilisikia hilo akasema, "Na huyo naye ameona."

Siku hizi nikiwa na nafasi napanda Mlali hata bila kazi. Juzi nilimkuta mama jikoni ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi, sauti imefunguliwa kubwa, kaka yake anaongea upande wa pili. Amejenga uzio, mbuzi hawaingii tena kwenye jiwe. Amekuwa akienda mwenyewe asubuhi, kulala chali. Nilisikia vidoko vyake vinakuja mfululizo kupita mvumo wa moto, na mama akasahau kunisalimia, akanivuta mkono.

"Amempata mwingine," akasema. "Nyuma kabisa, chini, hatukumwona. Chukua chaki."

Nikachukua chaki nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Mzee aliongea, mama akasikiliza, akauliza, akanionyesha kwa mkono hewani, na mimi nikaanza kuchora. "Mkia," akasema. "Mrefu zaidi. Sasa miguu ya mtu." Nikafuta, nikachora tena. "Sivyo," akasema. "Anasema kichwa kimegeuka, anatutazama." Wanafunzi walikuwa wameshafika mlangoni na sahani zao, na chakula kilikuwa bado.